Mwombaji Aliyetoka Jeshini
Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Mtwara



Katibu wetu ameniagiza niseme machache juu ya kuomba nafasi ya chuo baada ya kutoka jeshini, kwa kuwa ajua ya kuwa jambo hili limenipata mimi mwenyewe. Sikulikataa agizo lake, ijapokuwa sehemu ya habari hii ni aibu yangu.

Nalimaliza masomo ya sekondari katika shule ya misheni, nikaingia jeshini, nikatumika miaka sita. Muda mwingi nalikuwa karani wa ghala. Muda mwingine nalikuwa katika ulinzi kando ya Ruvuma, huko mto unakokaribia bahari, ambako mbu huanza kazi kabla ya magharibi. Nilipotoka nikapata ukarani huu. Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 35, niliomba chuo, na katika fomu yangu miaka ile sita nikaificha. Naliandika mwaka wa kumaliza shule, kisha nikaruka hadi mwaka wa kuajiriwa, kama mtu aliyelala usingizi mrefu katikati. Nalidhani wakubwa wa chuo watasema: Mzee huyu atafanya nini pamoja na watoto wa juzi? Hawakusema hivyo. Walirudisha karatasi zangu pamoja na swali moja tu: Katika miaka hii ulikuwa wapi? Kabla sijajibu, muda wa kupokea maombi ukaisha, na mwaka wangu ukapotea.

Nikaenda Mikindani kwa mzee mmoja mstaafu nikamweleza. Akacheka sana, akasema wakati wao aliyekosa miaka ya namna hiyo ndiye asiyepokelewa. Naye alisema kweli. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alipaswa kwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi isiyopungua miaka miwili, ndipo aombe Chuo Kikuu, tena akiwa na barua ya sifa zake kutoka kazini na kutoka chama. Siusifu utaratibu ule wote. Uliwachelewesha wengi, na baadaye ukaachwa. Lakini kulikuwa na mlango mwingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani mtihani wa watu wazima, ambao sharti lake moja lilikuwa mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 25. Tazameni basi: umri ambao mimi naliuficha kama mtu afichavyo deni, mlangoni pale ndio uliokuwa ukidaiwa.

Wako waliotutangulia ambao hawakuwa na nafasi kama zetu. Askari wa KAR kutoka Tanganyika walipigana Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Walikuwamo waliojifunza huko kusoma, kuendesha magari na kupeleka habari kwa simu. Waliporudi baada ya 1945, chuo cha elimu ya juu kwa watu wa nchi zetu kilikuwa Makerere, na mtu wa Mikindani aliyetaka kufika Makerere alikuwa na safari kubwa mbele yake, achilia mbali vyeti. Sisi tunacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, ambacho mtu husoma huku akiendelea na kazi yake; na hapa mjini pana Stella Maris tangu mwaka 2009. Habari ya ada ni ngumu, nami leo sitaigusa.

Sasa niseme juu ya karatasi zenyewe. Usiandike tu kwamba ulikuwa jeshini. Kama ulikaa ghalani, eleza ya kuwa ulitunza daftari la vifaa, ukahesabu kila mwisho wa mwezi, na ukakabidhi bila upungufu. Mambo ya ulinzi yaache. Chuo hakina haja nayo. Hati ya kuachishwa jeshi itolewe nakala mapema. Na majina, ndugu zangu, majina! Mwenzetu mmoja shuleni aliandikwa kwa jina la ubatizo, jeshini kwa jina la babu yake, na katika cheti cha kuzaliwa herufi moja imezidi. Ilimbidi aape mbele ya wakili ya kuwa watu hao watatu ni yeye mmoja. Tena mwambie mkuu wako wa kazi kabla hujaomba. Akisikia kwa watu wengine, ruhusa itakuwa nzito.

Fomu yangu ya pili naliipeleka mwezi uliopita, na miaka sita imo yote, mwaka kwa mwaka. Jibu halijafika. Mpwa wangu naye ameomba chuo hicho hicho, na mama yake amekwisha kumwonya asiniite mjomba mbele ya wanafunzi wenzake. Mimi nimemwambia aniite tu.