Siku Arobaini za Mzazi

(Maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

Mwalimu, tafadhali hakikisha kwamba hata walioketi nyuma wanaisikia redio. Na wewe uliyekwisha kushika kalamu, iweke chini kwanza. Somo hili ni la kusikiliza. Kuandika kutakuja mwisho.

Mimi ni mkunga. Kazi yangu ni kuwapokea watoto. Lakini leo sisemi habari za mtoto. Nasema habari za mama yake.

Nimeona jambo moja katika nyumba nyingi. Mtoto akizaliwa, watu wote huja kumtazama mtoto. Huuliza: Ananyonya? Analala? Amefanana na nani? Huletwa nguo za mtoto, beseni la mtoto na sabuni ya mtoto. Mama yake amelala pembeni, wala hapatikani mtu wa kumwuliza, "Na wewe mwenyewe, mwili wako waendeleaje?" Tena kama huu ni uzazi wake wa kwanza, hata yeye hajui kama lile analolisikia mwilini ni jambo la kawaida au ni ugonjwa. Basi hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko tunakotaka kukuondoa leo.

Wazee wetu walituachia desturi njema. Mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hateki maji, hatwangi, hachanji kuni. Pwani hupewa uji wa pilipili manga. Kule Kilimanjaro hupewa mtori, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na nyama, kisha zikapondwa. Je, desturi hii ina maana? Ina maana kubwa. Waganga wa hospitali nao huhesabu wiki 6, yaani siku 42. Mnaona jinsi hesabu hizi mbili zinavyokaribiana. Sasa na tutazame sababu yake.

Mwili hurudi polepole

Mtoto na kondo la nyuma wakisha kutoka, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Ukigusa tumbo la mama, utausikia karibu na kitovu, mgumu kama nazi ndogo. Kila siku hujikaza na kupungua. Baada ya siku 10 hadi 14 huwa umeshuka chini, hausikiki tena kwa mkono. Ikifika wiki ya 6, umekaribia kuwa kama zamani, na uzito wake hauzidi gramu 100 hivi. Fikirini: kutoka kilo 1 hadi gramu 100 kwa wiki 6! Hii ni kazi kubwa, ndugu zangu, ingawa hakuna aionaye.

Mtoto anaponyonya, mfuko huo hujikaza zaidi, na mama aweza kusikia tumbo likimkata kama siku zake za mwezi. Asiogope. Ni dalili kwamba mwili unafanya kazi yake.

Mahali pale kondo la nyuma liliposhikamana, pamebaki kidonda. Ndiyo sababu damu ya nifasi hutoka. Siku 3 au 4 za mwanzo ni nyekundu. Halafu hufifia, ikawa kama maji ya kahawia, mpaka siku ya 10 hivi. Kisha hugeuka nyeupe au manjano, nayo yaweza kuendelea mpaka wiki ya 4 hata ya 6. Ikiwa inapungua na kufifia siku hadi siku, mambo ni mema. Lakini ikiwa ilikwisha kufifia, kisha ikarudi nyekundu na nyingi, si budi mama aonwe na mkunga au mganga.

Aliyeshonwa nyuzi na ajioshe kwa maji safi kila aendapo haja, ajikaushe vizuri, na abadili kitambaa mara kwa mara. Aliyepasuliwa tumbo asiinue kitu kizito kupita mtoto wake mpaka apone.

Lakini kupumzika si kulala kitandani mchana na usiku. Damu ya mzazi huganda upesi kuliko ya mtu mwingine. Akilala tu bila kujinyosha, damu yaweza kuganda katika mshipa wa mguu, na hiyo ni hatari. Basi ainuke, atembee ndani na uani. Kazi nzito ndiyo aachiwe mtu mwingine.

Desturi za kushika na desturi za kuacha

Si kila tufanyalo katika arobaini ni jema. Chakula kizuri, pumziko, na mtu wa kumsaidia kazi: haya tuyashike kwa mikono miwili. Mkaja pia si mbaya, kama haukumkaza mama mpaka akashindwa kupumua.

Lakini yako mambo mengine. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto sana kumewaunguza wengi. Kulibonyeza tumbo kwa nguvu huumiza, na kwa mama aliyepasuliwa ni hatari kubwa. Kuingiza majani au dawa yo yote ukeni huingiza uchafu penye kidonda. Maji ya kuogea yawe ya vuguvugu tu, na tumbo liguswe taratibu.

Pia kuna nyumba ambamo mzazi hukatazwa mayai, au samaki, au mboga. Mama anyonyeshaye ahitaji chakula kingi zaidi, siyo kidogo zaidi. Ale maharagwe, samaki, mayai, mchicha na matunda, na anywe maji ya kutosha. Na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki avimeze mpaka vimalizike, kama alivyoelekezwa.

Yaliyonipata mimi

Nawaambieni habari yangu mwenyewe. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza nilikuwa binti tu, nakaa na bibi yangu katika kijiji kimoja upande wa Pangani. Siku ya 5 nilisikia baridi usiku. Siku ya 6 mwili ulikuwa moto, tumbo la chini liliniuma, na damu ilikuwa na harufu mbaya. Niliona haya kusema. Niliogopa wasije wakasema kwamba mimi ni mchafu. Nikajifunika khanga, nikanyamaza.

Bibi aliingia kuniletea uji, akanishika mkono, akashtuka. Akaniuliza, nikamwambia yote. Akasema, "Twende hospitali." Mimi nikamjibu, "Bibi, nitatokaje na arobaini haijaisha?"

Bibi yangu hakujua kusoma. Alinitazama, akasema, "Mjukuu wangu, arobaini iliwekwa upone. Haikuwekwa ufie ndani." Akamwita jirani mwenye baiskeli.

Nilitibiwa, nikapona. Baadaye nilipojifunza ukunga ndipo nilipofahamu kwamba ile ilikuwa homa ya uzazi, ugonjwa uliowaua wanawake wengi duniani tangu zamani. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna nchini Austria, daktari aliyeitwa Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuwashika wazazi. Mwezi wa Aprili mwaka huo, katika wodi yake, walikufa karibu mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni, baada ya amri hiyo, walikufa karibu 2 katika kila 100. Tofauti ilikuwa mikono safi. Basi kila amshikaye mzazi, awe mkunga, mama mkwe, shangazi au jirani, na anawe mikono kwa sabuni kwanza.

Dalili za hatari

Mwalimu, sasa chukua chaki. Andika ubaoni dalili hizi 7:

1. Damu nyingi, inayolowanisha kitambaa kizima kwa muda wa saa 1 au chini yake.
2. Homa, au baridi ya kutetemeka.
3. Damu au majimaji yenye harufu mbaya, au kidonda chenye usaha.
4. Kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, au degedege.
5. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuuma, au kupumua kwa shida.
6. Ziwa kuwa jekundu na la moto, lenye maumivu, pamoja na homa.
7. Mkojo au choo kujitokea chenyewe bila mama kuweza kukizuia.

Mzazi mwenye dalili hata moja katika hizi hangoji arobaini. Na aliye na ile ya 1, ya 4 au ya 5 hangoji hata kupambazuke. Apelekwe hospitali saa ile ile. Damu nyingi yaweza kumwua mama kwa saa chache.

Juu ya dalili ya 7 nataka kusema neno. Uchungu ukichukua muda mrefu mno, kama unavyoweza kumpata mama wa uzazi wa kwanza, njia ya mkojo yaweza kutoboka. Ugonjwa huo huitwa fistula. Siyo laana, wala siyo adhabu ya kosa lo lote. Ni jeraha, nalo hutibika kwa upasuaji. Asifichwe mtu.

Wengine mkojo huwatoka kidogo tu wanapokohoa au kucheka. Hawa wafanye zoezi hili: kaza misuli ya chini kama mtu azuiaye mkojo, hesabu mpaka 5, halafu legeza. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari za zoezi hili mwaka 1948, na mpaka leo wakunga hulifundisha. Hakuna gharama, wala hakuna anayekuona ukilifanya.

Moyo nao hujifungua

Ndugu wasikilizaji, mwili si nyama tu. Siku ya 3 hivi baada ya kujifungua, wazazi wengi hulia bila sababu. Leo amefurahi, kesho ana huzuni. Hali hii huja kwa wengi, na huisha yenyewe katika wiki 2.

Lakini ikipita wiki 2 na mama bado ana huzuni, hapati usingizi hata mtoto akilala, hataki kula, hataki kumshika mtoto, au asema afadhali afe, huo ni ugonjwa. Huitwa sonona. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 katika kila 5 hupata maradhi ya namna hii baada ya kuzaa. Basi si uvivu, si kiburi, wala si kwamba hampendi mwanawe. Usimwambie, "Wenzako mbona wamezaa?" Kaa naye, msikilize, mpeleke kituo cha afya. Na kama asema atajidhuru au atamdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku ile ile.

Bwana mume, wewe nawe una kazi

Baba uliyeketi hapo usidhani kwamba somo hili halikuhusu. Teka maji. Pika, au tafuta mtu wa kupika. Mshike mtoto ili mama apate usingizi. Weka akiba ya nauli kabla mtoto hajazaliwa. Mwache mkeo apone ndipo mkutane kimwili. Na mjue kwamba mama aweza kushika mimba nyingine hata kabla hajaona siku zake. Zungumzeni na mkunga juu ya uzazi wa mpango, ili ipite walau miaka 2 kabla ya mimba nyingine.

Tena mpeleke mkeo kliniki. Aliyejifungulia hospitali akae huko walau saa 24. Halafu aonwe tena siku ya 2 au ya 3, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Msimpeleke mtoto chanjo, mkamwacha mama bila kupimwa.

Mwisho wa somo

Sasa shikeni kalamu. Andikeni sentensi hizi, kisha kila mmoja asome kwa sauti:

Mama ana homa.
Hatungoji arobaini.
Twende naye hospitali leo.

Baada ya hapo, zungumzeni maswali haya:

1. Katika mtaa wenu, mzazi hufanyiwa mambo gani? Yapi humfaa, na yapi humdhuru?
2. Kituo cha afya kiko umbali gani? Usiku mtampelekaje mgonjwa, na nani ana chombo?
3. Ni nani katika mtaa wenu amejifungua mwezi huu? Nani atakwenda kumwona kesho?

Swali la 3 si la kujibu kwa mdomo tu. Nendeni kweli. Mkifika, mkisha kumsifu mtoto, mgeukieni mama yake, mwulizeni: "Na wewe mwenyewe, mwili wako waendeleaje?" Kisha kaeni kitako, mngoje jibu lake.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji.