Mzee Halali Usiku: Je, Sindano za Kichina Zafaa?

Leo tuzungumze juu ya mzee asiyelala usiku.

Hapa Mkokoni, mama mmoja alikuja zahanati na mavyaa yake, bibi aliyepita miaka 70. Bibi alikuwa akiamka mara nne kila usiku. Jamaa walikuwa wakichanga pesa za kumpeleka Mombasa kudungwa sindano za Kichina. Mama akaniuliza, "Sista, zitamfaa?"

Sindano hizi ni tiba ya kale ya Uchina. Ni nyembamba sana, na hazina dawa ndani. Mtaalamu huzichoma sehemu maalumu za mwili na kuziacha kama dakika 20 hadi 30. Si ngeni pwani yetu; madaktari wa Kichina wamehudumu Zanzibar tangu miaka ya 1960. Utafiti fulani umeonyesha kuwa baadhi ya watu hulala vizuri zaidi baada ya kudungwa mara kadhaa, lakini ushahidi bado ni dhaifu. Kwa hivyo, tutafute kwanza kinachomwamsha mzee.

Nikaomba kuona dawa za bibi. Kumbe kile kidonge cha presha kinachokojoza alikuwa akikimeza baada ya isha! Tulishauriana na daktari, kikahamishiwa asubuhi. Sasa bibi huamka mara moja tu, na pesa za safari zimebaki nyumbani.

Mama, fanya haya:

1. Leta dawa zote za mzee zahanati. Usimbadilishie saa wala kumwachisha wewe mwenyewe.
2. Baada ya alasiri, asinywe kahawa wala chai ya rangi.
3. Mchana alale nusu saa tu. Asubuhi aote jua na atembee.
4. Usimnunulie vidonge vya usingizi dukani. Humlewesha, akaanguka akienda chooni, akavunjika nyonga.
5. Akikojoa sana na kuwa na kiu, akikoroma na kukatika pumzi, akivimba miguu au akiwa na huzuni isiyoisha, mlete mapema.

Mkiamua kwenda kwenye sindano, hakikisheni mtaalamu ana kibali na kila sindano ni mpya, imefunguliwa mbele yenu. Sindano iliyotumika huambukiza ukimwi na homa ya ini. Mzee anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya kudungwa.

Mzee asipolala, nyumba nzima hailali. Mlete tumwangalie. Kwaherini.