Kudhani Kabla ya Kuona: Vitenzi vya Maoni ya Awali na Mfano wa Newala

Kiingereza kina kundi la vitenzi, kama vile preconceive, prejudge, presume na presuppose, ambavyo hubeba kiambishi chenye asili ya Kilatini na maana ya “kabla”. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo katika kitenzi chake. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwa mfasiri kuhitimisha kwamba lugha hii imepungukiwa. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba hitimisho hilo lenyewe ni hukumu iliyotangulia uchunguzi.

Kwanza, Kiswahili hupambanua aina za maoni ya awali kwa kuchagua mzizi. Anayekisia ana dalili fulani mkononi, anayebahatisha hana. Anayetazamia huelekeza fikra kwenye jambo lijalo. Anayetuhumu humhusisha mtu na uovu ambao haujathibitishwa. Kitenzi dhani, chenye asili ya Kiarabu, hukiri kuwa yakini haijapatikana. Kikiongezwa kiambishi cha kauli ya kutendea, kikawa dhania, fikra humwangukia mtu: “Walimdhania mwizi.” Hapo msikilizaji hutambua mara moja kwamba huenda mtu huyo si mwizi.

Pili, penye haja ya kutaja utangulizi wa wakati, Kiswahili hutumia kabla: “Amemhukumu kabla hajamsikiliza.” Muundo huu una faida ambayo kiambishi cha Kiingereza hakina. Prejudge humwachia msemaji nafasi ya kutosema ni kabla ya nini. Kabla hudai kijalizo: kabla ya kusikia, kabla ya kuona, kabla ya kuuliza. Hivyo sarufi humlazimisha msemaji kuutaja ushahidi uliokosekana.

Nguvu ya muundo huo hudhihirika katika historia ya nyanda za Wamakonde. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa ethnolojia kutoka Leipzig, alifika Masasi na Newala. Safari yake ilikuwa imekusudiwa kuelekea kaskazini, lakini machafuko ya huko yaliigeuzia kusini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata mwaka 1909.

Jambo lililomshangaza kila mgeni wa Newala lilikuwa maji. Watu waliishi juu ya uwanda usio na mito, na wanawake waliteremka genge refu kuyateka bondeni. Mgeni aliyepita upesi angeweza kuwadhania wenyeji kuwa hawajui kuchagua makazi. Lakini Weule aliyasikia na kuyaandika masimulizi ya asili ya Wamakonde, yanayoeleza kwamba wazazi wa kwanza walizaa watoto wafu walipokaa karibu na maji makubwa, na mtoto aliye hai walipojenga juu. Kwa hiyo wazawa wao waliagizwa kukaa mbali na mabonde, yaletayo maradhi na mauti. Agizo hilo halipingani na elimu ya leo kuhusu mbu na malaria. Dhana ya mgeni ilikuwa kabla ya kuuliza. Na kuuliza si ujinga.

Mfano wa pili ni wa jando. Wamisionari wengi wa zama za ukoloni walilihesabu kuwa ushenzi mtupu. Vincent Lucas, Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine. Pamoja na mapadre Waafrika alilichambua jando, akaondoa yaliyopingana na imani yake na kubakiza mengine ndani ya ibada ya Kikristo. Uamuzi wake unaweza kujadiliwa, lakini haukuwa hukumu ya kabla ya kuchunguza.

Hapa ndipo lilipo tatizo la istilahi. Katika maandishi ya kitaaluma, nomino dhana imepewa kazi ya kutaja wazo la kinadharia: dhana ya fonimu, dhana ya uhuru. Katika matumizi hayo imepoteza harufu yake ya shaka. Basi mwanafunzi anayekutana na “dhana ya awali” hawezi kujua kama anaelezwa hatua ya kwanza ya nadharia au chuki isiyo na ushahidi. Kosa hilo si dogo, maana la kwanza hufundishwa darasani na la pili huweza kumtia mtu hatiani.

Kwa kuhitimisha, mfasiri na mtunga kamusi hawalazimiki kuunda kitenzi kipya kwa kuunganisha maneno mawili. Inafaa zaidi waeleze kwa kitenzi kamili: kudhania, kutuhumu, au kuhukumu kabla ya kusikiliza. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno moja la Kiingereza, lakini urefu wake una haki, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo kila mwenye kuhukumu anapaswa kulijibu: kabla ya nini?