Kodi ya riba: Kabwela anakatwa, kurudishiwa marufuku

(Mada hii ilisomwa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Manzese, Dar es Salaam. Tunaichapisha kama alivyoisoma. – Mhariri)



Niseme ukweli mapema ili asije mtu akanisuta baadaye. Mimi si mhasibu wala mwanasheria. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia kwenye kuandika habari, na hulipwa pale tu habari inapotoka gazetini. Isipotoka, nalala njaa. Kwa hiyo nilipofanikiwa kujikusanyia shilingi 2,000,000, niliogopa kuziweka chini ya godoro. Nilizipeleka benki, amana ya muda maalumu ya mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 8.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Ni shilingi 160,000. Mwaka ulipokwisha nikakuta 144,000. Nikamuuliza dada wa dirishani, 16,000 zimekwenda wapi? Akasema, "Kaka yangu, hiyo ni kodi ya serikali, imeshakwenda." Nikaomba karatasi ya kuonyesha. Akanitazama kama niliyeomba ufunguo wa Hazina.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaanza kuulizia na kusoma, na nilichokikuta ndicho kilichonileta hapa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaiagiza benki ikate asilimia 10 ya riba kabla haijakulipa. Hii huitwa kodi ya zuio. Kwa mtu binafsi anayelipwa riba na benki ya hapa nchini, nje ya shughuli za biashara, kodi hiyo ni ya mwisho. Neno hilo "ya mwisho" lishikeni vizuri, maana ndimo mchezo wote ulimo. Maana yake ni kwamba riba hiyo haihesabiwi tena pamoja na mapato yako mengine. Huna haja ya kuitolea ritani. Lakini pia huna pa kwenda kusema, "Jamani, mapato yangu ya mwaka mzima hayafiki kiwango cha kulipa kodi, nirudishieni changu."

Na kiwango hicho kipo! Mwaka 2020 kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 kwa mwezi hadi 270,000. Yaani mfanyakazi wa mshahara wa 250,000 hakatwi kodi ya mapato hata senti moja, kwa kuwa sheria yenyewe inakiri kwamba huyo ni kabwela. Lakini kijana asiye na ajira, aliyeuza ng'ombe wa marehemu baba yake na kuweka fedha benki, anakatwa kuanzia shilingi ya kwanza ya riba.

Sasa geuzeni sarafu mtazame upande wa pili. Chukueni kigogo mwenye shilingi bilioni moja benki, naye kwa mfano alipwe riba ya asilimia 10. Atapata milioni 100. Atakatwa milioni 10, na mambo yameishia hapo. Kama milioni 100 hizo angezipata kwa mshahara, kodi yake kwa mwaka ingekuwa karibu milioni 28, kwa sababu kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi hukatwa asilimia 30. Kwa hiyo "ya mwisho" inamfunga mnyonge mlango wa kudai, na papo hapo inamfungia mlango mtoza kodi asimfuate tajiri. Mlango ni mmoja, ila mmoja kafungiwa nje na mwingine kafungiwa ndani na mali yake.

Msiniambie kwamba ndivyo dunia ilivyo. Waingereza waliotutawala walikuwa na mtindo wa namna hii hii. Benki zao zilikuwa zikikata kodi ya riba kwa kiwango cha jumla, na mtu maskini asiyestahili kulipa kodi hakuruhusiwa kudai chake. Vikongwe wa pensheni walikuwa wanakatwa, watoto wenye vibubu vya benki wanakatwa. Bajeti ya mwaka 1990, iliyosomwa na John Major alipokuwa waziri wa fedha, ndiyo iliyotangaza kuufuta mtindo huo kuanzia Aprili 1991.

Baada ya hapo benki ziliendelea kukata, safari hii kwa kiwango cha kawaida cha kodi, lakini mnyonge akawa na njia mbili. Ya kwanza ni fomu R85: unaijaza benki kwamba mapato yako hayafiki kiwango, nao wanakulipa riba kamili bila kukata. Ya pili ni kwa yule aliyekwisha kukatwa: anajaza fomu R40, anaeleza mapato yake na riba yake yote, anarudishiwa kilichozidi. Alipewa nafasi ya kurudi nyuma miaka minne tangu mwaka wa kodi ulipokwisha, na mwaka wao huisha tarehe 5 Aprili.

Aprili 2016 wakasogea hatua nyingine. Benki ziliacha kabisa kukata kodi kwenye riba ya kawaida ya akiba, na mlipa kodi wa kiwango cha chini akaruhusiwa riba ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi. Wa kiwango cha kati akapewa pauni 500. Tajiri wa kiwango cha juu kabisa hakupewa kitu. Fomu R40 haikufutwa, kwa kuwa yapo malipo mengine ambayo bado hukatwa kodi juu kwa juu.

Sisemi kule ni peponi. Benki zao huwapelekea watoza kodi taarifa za riba ya wateja, na riba zilipopanda, benki kuu yao ikafikia asilimia 5.25 Agosti 2023, watu wengi wa kawaida walijikuta wamevuka kiwango na wanadaiwa. Wakazuka na mawakala wa kuwajazia watu fomu ya bure, kisha wanameza sehemu nono ya marejesho. Wajanja hawana taifa.

Tufanye nini hapa kwetu? Wale mliosajili kampuni, hata kama ni ya watu wawili wa kuchomelea mageti, sikilizeni. Kwa kampuni kodi ya zuio kwenye riba si ya mwisho. Riba inaingia kwenye mapato ya kampuni, na kilichokatwa kinahesabiwa kuwa kodi mliyokwisha kulipa. Kikizidi mnachodaiwa, ombeni marejesho. Lakini bila cheti cha kodi ya zuio kutoka benki mtapigwa danadana, kwa hiyo kidaini, kitieni kwenye faili, na muonyeshe riba hiyo kwenye ritani. Ukiificha riba huwezi kudai kodi iliyokatwa juu yake.

Kwa sisi watu binafsi, hakuna fomu ya kujaza. Dawa ni sheria ibadilishwe. Bajeti husomwa Juni, na kabla Muswada wa Fedha haujapitishwa, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Mabenki hupeleka yao, wenye viwanda hupeleka yao. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja yenye ombi moja: mtu ambaye mapato yake yote kwa mwaka hayafiki shilingi 3,240,000 aruhusiwe kutangaza riba yake na kurudishiwa alichokatwa. Iko hapa mezani pamoja na kalamu. Anayetaka kusaini asaini, asiyetaka simlazimishi.

Kuna ndugu ameniuliza kabla sijaanza kusema, kwamba yeye benki hajakanyaga, anaweka akiba kwenye simu tu, je, naye anakatwa? Ndugu yangu, kama akiba hiyo inakupa riba na nyuma ya simu kuna benki, sheria ni ile ile. Fungua taarifa ya akaunti yako sasa hivi, tuitazame pamoja.