Pilipili Inayojifanya Moto
Mama mmoja katika soko liitwalo Kenya, mjini Lubumbashi, anaponda pilipili ya kulia bukari (ugali). Anajisahau, anajipangusa jicho. Mara machozi! Moto haupo, ila jicho linaapa kwamba linaungua.

Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna kipokezi kinachofunguka joto likipita nyuzi 43 hivi. Kapsaisini, ukali wenyewe wa pilipili, hufungua mlango uleule. David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997. Mwaka 2021 Julius akapata Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Kutoka jichoni, habari hupita kwenye mishipa hiyo ya fahamu hadi ubongoni, nao ubongo ndio unaosema: maumivu.

Jicho lioshwe kwa maji safi mengi. Mdomoni, maziwa hushinda maji: kapsaisini haiyeyuki vizuri majini.