Gitaa la Kukaa Nalo

Zamani mpiga gitaa wa dansi hakuchagua gitaa. Alipewa. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingine nyingi zilikuwa hivyo hivyo: vyombo vya mwajiri, au vya tajiri. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Huko aendako vidole vinaanza upya kuzoea shingo nyingine. Mtu aliweza kupiga miaka kumi asijue gitaa la kwake mwenyewe lingeliaje.

Siku hizi kijana wa hapa Nangara akiuza mbaazi anaweza kupata la kwake, walau la mtumba. Na pesa ya mbaazi si ya kuchezea. Wakulima wa Babati wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na bei ikaanguka. Sasa yuko mpiga solo mmoja wa kwaya aliyenunua gitaa la umeme lenye kiuno cha mshazari, upande mmoja umesogea mbele, mwingine umerudi nyuma. Ni nakala ya Jazzmaster. Wiki mbili tu, anatafuta mtu wa kumwuzia! Eti limepinda, nyuzi zinaruka, sauti imefifia.

Nimelishika. Si bovu.

Fender wa Marekani walilitoa Jazzmaster mwaka 1958 wakiwalenga wapigaji wa jazi, watu wanaopiga wameketi. Kiuno kilikatwa hivyo makusudi ili gitaa litulie pajani. (Wenye jazi wenyewe hawakulijali sana; walilipokea vijana wa California.) Kijana wetu alilijaribu dukani amesimama, dakika tano, mwenye duka akimtazama. Angeomba kiti. Na kama vidole vyake ni vifupi, angeulizia nakala ya mdogo wake, Jaguar wa mwaka 1962: urefu wa nyuzi zake ni inchi 24, wakati Jazzmaster ni inchi 25 na nusu. Hiyo inchi na nusu mkono unaijua.

Sauti je? Pale juu, karibu na pembe, kuna swichi ndogo. Ukiigusa kwa bahati mbaya, gitaa linahamia kwenye sauti nzito ya kusindikiza, na makali yote yanapotea. Niliirudisha, akanitazama kama mganga.

Nyuzi zinaruka kwa sababu amefunga namba 9, nyembamba mno. Kidaraja cha gitaa hili kilitengenezwa zama za nyuzi nene, kinataka kukandamizwa. Afunge namba 11 au zaidi, kisha fundi aitazame shingo, maana nyuzi nene huivuta. Hapa Babati hazipatikani kila siku. Akimwagiza mtu aendaye Arusha, kilomita kama 170, ataje namba waziwazi, na aagize seti mbili.