Kilio Kilichofika Mbinguni: Hukumu ya Sodoma na Ninawi na Mahubiri Yetu

Wachungaji, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili,

Mada niliyopewa ni hukumu ya Mungu juu ya miji miovu. Tunaihubiri mara nyingi, na mara nyingi tunaihubiri kwa haraka: tunakimbilia moto na kiberiti cha Mwanzo 19, tukiiruka sura ya 18 ambako kesi yenyewe inafunguliwa.

Katika sura hiyo Mungu anashuka kwa sababu kilio cha Sodoma na Gomora kimemfikia, naye anataka kuona kama mambo ndivyo yalivyo. Kilio kina mwenyewe. Kulikuwa na watu walioumizwa katika miji ile wakakosa mtu wa kuwasikiliza. Kabla ya moto wowote, aliyeonewa amesikilizwa. Kisha Ibrahimu anasimama kuomba. Wakipatikana wenye haki 50, je, mji utaachwa? Anashuka hadi 45, 40, 30, 20, mpaka 10, na kila mara anakubaliwa. Mpwa wake Loti anaishi humo, lakini katika maombi yote yale hamtaji Loti hata mara moja. Anauombea mji mzima, wenyeji wasio wa ukoo wake wala wa madhabahu yake. Mhubiri anayeitangaza hukumu ya Sodoma bila kugusa maombi haya ameondoa nusu ya habari, tena nusu inayomhusu yeye mwenyewe.

Usiku unaofuata wanaume wa mji, vijana kwa wazee, wanaizingira nyumba ya Loti wakitaka kuwanajisi wageni wake. Loti anapowasihi wanamgeukia: naye ni mtu wa kuja tu, leo anataka kuwa mwamuzi juu yao? Mji unaomtendea mgeni hivyo umekwisha kujitolea ushahidi.

Manabii waliisoma habari hii kwa namna inayotupasa kutetemeka. Ezekieli 16 inataja uovu wa Sodoma: kiburi, shibe na raha ya starehe, huku maskini na mhitaji wakiachwa bila msaada. Mstari unaofuata unataja machukizo pia, nami sitaki tuuruke. Lakini mpangilio ni wa nabii, na sisi hatuna ruhusa ya kuanza na kumaliza na mstari wa 50 kana kwamba 49 haukuandikwa. Isaya naye, katika sura yake ya kwanza, anawaita viongozi wa Yerusalemu waamuzi wa Sodoma, kisha anawaagiza wampatie yatima haki yake na wamtetee mjane. Jina lile la kutisha aliliweka juu ya mji wake mwenyewe, wenye hekalu, sadaka na sikukuu. Mji huo ulianguka mwaka 586 KK mikononi mwa jeshi la Nebukadreza, na hekalu likachomwa.

Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, magofu yake yako Iraki, ng'ambo ya mto Hidekeli mkabala na Mosul ya kale. Ukatili wake hatuhitaji kuukisia. Mfalme Senakeribu alipouteka mji wa Lakishi wa Yuda mwaka 701 KK, aliagiza ushindi huo uchongwe kwenye kuta za jumba lake. Mawe hayo leo yako katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London: familia zinapelekwa uhamishoni na mizigo yao, wengine wanachunwa ngozi. Nahumu anauita mji wa damu, na mwaka 612 KK Wababeli na Wamedi wakauangusha.

Lakini Biblia iliyohifadhi kitabu cha Nahumu imehifadhi na cha Yona. Humo Ninawi inasikia, inafunga kuanzia mfalme hadi mifugo, na Mungu anaghairi. Anayekasirika ni mhubiri! Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu juu ya watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wao wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi. Jibu la Yona halikuandikwa. Jirani zetu Waislamu nao wanamjua Yunus, na Kurani inasimulia kwamba watu wake waliamini wakaondolewa adhabu.

Sasa niseme linalonisumbua. Mafuriko yakibomoa nyumba za mabondeni, hukosekana mara chache mhubiri wa kutangaza kwamba Mungu ameuadhibu mji. Wanaokufa ni waliojenga penye kiwanja cha bei rahisi. Katika Luka 13 Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Wito wa kutubu akawaelekezea waliokuwa hai wakimsikiliza. Katika Luka 19 aliuona mji huo akaulilia, na anguko lake akalitaja kwa machozi.

Katika vikundi vya mchana naomba tusome Mwanzo 18 na Ezekieli 16:49–50 pamoja, kisha kila kikundi kiandae mahubiri ya dakika kumi kwa usharika uliofiwa na watu katika mafuriko. Wafiwa wawe ndio wasikilizaji wa kwanza mnaowafikiria mnapoandika.